Soka au GAA? Kwa mzazi wa Ireland aliyeletewa ratiba mbili

Jumamosi moja ya Aprili simu yangu ililia mara mbili kabla sijamaliza chai. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa kocha wa soka: saa nne kasoro robo, mechi ya nyumbani, asikose mtu. Wa pili ulitoka kwa mama anayesimamia timu ya GAA, mpira wa Kigaeli wa hapa Ireland, ya rika la mwanangu: basi linaondoka saa nne kamili, msisahau kinga ya meno. Kijana mwenyewe, miaka 13, alikuwa amekaa kwenye ngazi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. "Baba, niende wapi?"

Nilirusha sarafu ya euro. Soka ikashinda, wakaenda wakafungwa sita bila. Tangu siku ile nikaapa kutoamua tena kwa sarafu. Nikaanza kuuliza wazee wa klabuni, walimu, na wazazi wenzangu Waswahili tunaosimama nao pembeni mwa uwanja tumejifunika majaketi mwezi wa tano. Haya ndiyo niliyoyapata, nimeyapima kwa jicho la mtu aliyekulia Mombasa akijua kwamba duniani mpira ni mmoja tu.

Si mmoja. Mwambie jirani wa kaunti ya Kerry au Mayo kwamba mwanao anapenda "football", atadhani unasema mpira wao wa Kigaeli, ule unaosimamiwa na chama cha GAA kilichoanzishwa Thurles mwaka 1884. Huu wetu wa Simba na Yanga, wa Gor na AFC, wao wanauita soka. Kwa hiyo nami hapa nitasema soka na GAA, kama watoto wetu wanavyosema nyumbani.

Mpira wenyewe, kwa ufupi

GAA ni wachezaji 15 kila upande, kwenye uwanja wa urefu wa mita 130 hadi 145. Goli lina umbo la herufi H: chini kuna wavu na kipa, juu milingoti inaendelea kupanda. Ukitia wavuni ni pointi 3. Ukipitisha juu ya mwamba ni 1, na tangu 2025 ukiupitisha ukiwa nje ya tao la mita 40 ni 2. Kuotea hakuna. Unashika kwa mikono, lakini hukimbii nao zaidi ya hatua nne: lazima uudunde chini, au uuangushe kwenye ncha ya kiatu na kuurudisha mikononi. Hiyo ya kiatu wanaiita solo. Mtoto aliyezoea danadana uani anaishika ndani ya wiki. Mimi nilijaribu jikoni, nikavunja glasi. Kudunda mara mbili mfululizo ni faulo. Pasi ya mkono hupigwa, hairushwi. Na mpira uliolala chini mwanamume hauokoti, anaunyanyua kwa kidole cha kiatu. Wasichana wao wanaruhusiwa kuuokota.

Matokeo ndiyo yaliyonitoa jasho. Ukiona ubao umeandikwa 5-11 kwa 0-9, usidhani ni mechi mbili. Ni magoli 5 na pointi 11 juu ya mwamba, yaani 26, dhidi ya 9. Na hayo si matokeo ya kubuni. Ndivyo Kerry walivyoichapa Dublin kwenye fainali ya kaunti za Ireland nzima Septemba 1978, na katika ile Dublin alikuwamo kijana aliyekuwa tayari amesajiliwa na Manchester United.

Waliocheza yote mawili

Kijana huyo ni Kevin Moran. Kila mzazi anayepima jambo hili amsome, kwa sababu njia yake ndiyo ile kila mtu anaitaja na karibu hakuna anayeweza kuirudia. Alizaliwa Dublin 1956. Alicheza kiungo wa nyuma, namba wanayoiita sentahafubeki, Dublin ilipoishinda Kerry 1976 na ilipoishinda Armagh 1977. Wazee bado wanakusimulia dakika ya kwanza ya fainali ya 1976: Moran alichomoka na mpira kutoka kwenye ulinzi, akapigiana pasi na mwenzake, akafyatua kombora lililopita kando kidogo ya goli. Halikuingia. Hawajali; wanalisimulia kama vile liliingia.

Wakati huohuo majira ya baridi alikuwa anacheza soka ya Dublin. Februari 1978, akiwa na miaka 21, United wakamchukua. Akaenda, akarudi Septemba kucheza ile fainali waliyochapwa, kisha akazama kwenye soka moja kwa moja. Akabeba Kombe la FA 1983 na 1985. Katika fainali ya 1985 dhidi ya Everton akawa mchezaji wa kwanza kutolewa nje kwenye fainali ya kombe hilo, kwa kumwangusha Peter Reid. Wenzake wakiwa kumi wakashinda 1-0 katika dakika za nyongeza. Akaichezea Jamhuri ya Ireland mara 71, pamoja na Kombe la Dunia 1990 walipofika robo fainali. Ukitazama picha zake za zamani unaona beki anayerukia mpira pasipo kuuliza kama kuna kichwa cha mtu pale. Wanaojua wanasema hilo alilitoa GAA.

Sasa mweke kando yake Jason Sherlock. Huyu kwetu sisi ana uzito wa pekee, maana baba yake ni mtu wa Hong Kong, na Dublin ya miaka ya 80 mtoto wa sura yake alikuwa anaonekana toka mbali. Alicheza kikapu, soka na GAA, vyote kwa kiwango cha juu. Kiangazi cha 1995, na miaka 19 tu, alikuwa mshambuliaji wa Dublin. Kwenye mechi na Laois kiatu kilimtoka mguuni, akaendelea na soksi, akafunga. Akafunga tena nusu fainali na Cork, na Septemba Dublin ikaichapa Tyrone 1-10 kwa 0-12. Hesabu mwenyewe: 13 kwa 12, pointi moja.

Soka yake Sherlock aliicheza hapahapa nyumbani, katika Ligi ya Ireland, na klabu ya UCD kisha Shamrock Rovers, na akavaa jezi ya taifa ya chini ya miaka 21. Hakuhama. Alibaki na Dublin hadi 2010, na ile medali ya 1995 ikabaki ndiyo pekee ya Ireland nzima aliyoipata kama mchezaji. Baadaye alikuwa kwenye benchi la ufundi la Jim Gavin, Dublin ilipotwaa ubingwa mara tano mfululizo, 2015 hadi 2019. Amezungumza wazi pia juu ya matusi ya rangi aliyotupiwa uwanjani. Hilo nitalirudia chini.

Watu wakilinganisha wawili hawa husema Moran alichagua na Sherlock hakuchagua. Mimi naona tofauti nyingine. Moran alijaribu soka akiwa tayari ana medali mbili za GAA na shahada ya biashara. Alikuwa na pa kurudi. Sherlock kipaji chake kiligawanywa mafungu matatu wakati ule hasa ambapo klabu za Uingereza zilikuwa zinaangalia. Sisemi alipoteza. Mtu anayeimbwa na uwanja mzima akiwa na miaka 19 hajapoteza. Nasema tu kwamba mtoto mwenye vipaji vitatu hubembelezwa na watu watatu, na kila mmoja wao ana ratiba yake.

Kalenda ndiyo mwamuzi

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini mambo yamebadilika. Zamani soka ya Ireland ilichezwa majira ya baridi, GAA kiangazi. Mtu aliweza kuvua jezi moja Mei na kuvaa nyingine. Mwaka 2003 Ligi ya Ireland ikahamia kiangazi, Februari hadi Novemba. Ghafla michezo yote miwili ikawa inavuta shati lilelile miezi ileile. Akademia za klabu za Ligi ya Ireland zinaanzia chini ya miaka 14, zinafanya mazoezi jioni nyingi za wiki, na wengi hawafurahii kusikia mtoto ana mechi ya GAA kesho yake.

Kwa hiyo swali "acheze yote mawili?" lina jibu la umri. Hadi miaka 12 au 13, ndiyo, na anayekukataza ana haraka zake mwenyewe. Kuanzia 14, akiwa wa kawaida, bado anaweza, kwa soka ya mtaani. Akiingia akademia, sahau. Au angalau jiandae kwa ugomvi kila Alhamisi.

Halafu kuna Brexit, ambayo wazazi wengi wa kwetu hawajaihesabu. Zamani kijana wa miaka 16 alipakiwa kwenye meli kwenda Liverpool au Manchester. Tangu Januari 2021 klabu za Uingereza haziruhusiwi kumsajili mchezaji wa Ireland hadi afikishe 18. Kwenda nchi za Umoja wa Ulaya akiwa na 16 inawezekana, na wapo wanaokwenda, lakini walio wengi sasa wanabaki Ligi ya Ireland mpaka wakomae. Mason Melia wa St Patrick's Athletic aliuzwa Tottenham kwa ada ambayo ligi hiyo haijawahi kuiona, na ilibidi asubiri nyumbani hadi Januari 2026. Mimi nimelifurahia hili. Mtoto analala kwake, anamaliza shule, anakula pilau ya mama yake.

Na mlango wa soka haufungwi mapema kama makocha wanavyotishia. Séamus Coleman wa Killybegs, Donegal, alikulia kwenye GAA ya kijijini kwao. Akaenda Sligo Rovers, na Everton wakamnunua Januari 2009 kwa pauni 60,000 akiwa na miaka 20. Akawa nahodha wa taifa. Golikipa Pat Jennings wa Newry aliiacha soka utotoni akacheza GAA miaka kadhaa, akarudi akiwa na miaka 16. Akaenda Watford 1963, akaichezea Ireland ya Kaskazini mara 119, akidaka krosi kwa mkono mmoja kama mtu anayechuma embe.

Wa karibu zaidi na sisi ni Chiedozie Ogbene. Alizaliwa Nigeria, akaletwa Cork akiwa mtoto, akachezea Nemo Rangers, klabu kubwa ya GAA mjini humo, huku akicheza soka. Akapitia Cork City, akavuka kwenda Uingereza, akacheza Ligi Kuu na Luton 2023. Juni 2021, mechi na Hungary, alikuwa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kuivaa jezi ya wakubwa ya Jamhuri. Mwangalie anavyoruka kichwa na beki aliyemzidi urefu, halafu uniambie GAA haina faida kwa soka.

Pesa

Hapa nitakuwa mfupi, maana hakuna la kuzunguka. GAA hailipi. Hata anayecheza fainali Croke Park, uwanja mkuu wa GAA, mbele ya watu 82,300 anarudi kazini Jumatatu. Anapata fidia ya usafiri na ruzuku ndogo ya serikali, basi. Jack McCaffrey, mchezaji bora wa mwaka 2015, ni daktari. Wengi ni walimu, kwa sababu walimu wana likizo kiangazi. Ukiwa na ndoto ya mtoto kukujengea nyumba Kilifi, GAA haitakujengea.

Soka inalipa, lakini inalipa wachache, na kwenye akademia huwaoni wale walioachwa kwa sababu hawapo tena. Mimi nawaona: wanakuja kwenye GAA wakiwa na 17, na wanapokelewa. Kinyume chake nadra kukiona. Kwangu hoja hii ni nzito kuliko mshahara. Tadhg Kennelly wa Kerry alikwenda kucheza mpira wa Australia, akabeba ubingwa na Sydney Swans 2005, kisha akarudi nyumbani akabeba ubingwa wa Ireland na Kerry 2009. GAA huuzwi wala hununuliwi. Unacheza unakoishi, na nafasi yako inakungoja.

Zamani hawakuwa wapole hivi. Kulikuwa na kanuni iliyomfukuza mwanachama wa GAA akionekana tu kwenye soka. Rais wa nchi mwenyewe, Douglas Hyde, alivuliwa heshima ya mlezi wa chama 1938 kwa kuhudhuria mechi ya taifa na Poland. Mchezaji Con Martin alinyimwa medali yake ya ubingwa wa jimbo la Leinster ya 1941 alipogunduliwa anacheza soka. Alikabidhiwa baada ya kanuni kufutwa 1971. Katikati ya hapo alikuwa ameshafunga penalti iliyosaidia kuishinda Uingereza 2-0 kwao wenyewe, Goodison Park, 1949. Ukikuta mzee klabuni anaitamka "soka" kama anatema mbegu, sasa unajua ametoka wapi.

Mtaa

Klabu ya soka ya mwanangu ina watoto wa mitaa saba. Wanakuja kwa magari, wanacheza, wanaondoka. Wazazi tunasalimiana kwa vidole. Klabu ya GAA ni ya parokia yetu. Refa wa watoto ndiye anayeniuzia nyama. Anayechora mistari ya uwanja kwa chokaa ni mzee wa miaka sabini na kitu anayejua jina la kila mtoto, na jina langu analitamka vibaya kwa upendo. Wiki ya pili tu mke wangu aliwekwa kwenye zamu ya chai. Akapeleka mahamri. Sahani iliisha kabla ya kipindi cha pili, na tangu siku ile zamu yake haijabadilishwa hata alipoomba.

Jiandae lakini: GAA inakula muda wa mzazi. Kila mtu anajitolea. Ukitaka kusaidia na watoto unapitia ukaguzi wa polisi, Garda, jambo la kheri, ila fomu zake zina subira yake. Soka inakula petroli.

Juu ya rangi, sitaficha. Matusi yapo kwenye viwanja vyote viwili. Kwenye soka mwanangu hayuko peke yake; timu ina Wanaijeria, Wapolandi, Wabrazili. Kwenye GAA ni wawili tu, na mara moja mchezaji wa timu nyingine alimwambia neno. Kilichonishangaza ni kwamba nahodha wake, kijana mwekundu kama pilipili, alimfuata refa kabla mimi sijavuka kamba. Boidu Sayeh aliyezaliwa Liberia ameichezea Westmeath miaka mingi. Watoto wanalijua jina lake. Kuwa wachache kunachosha, lakini pia unakumbukwa.

Kwa wenye mabinti sina mengi, ila hili: huko kuhamahama bado kunaruhusiwa zaidi. Sarah Rowe wa Mayo amecheza GAA, soka, na kisha mpira wa Australia na klabu ya Collingwood.

Basi, ungefanyaje

Mtoto wako ana miaka 8 hadi 12: mwandikishe kote kuwili, na siku zikigongana mpe GAA kipaumbele, kwa sababu atashika, atadunda, atapiga kwa miguu yote miwili, na wewe utapata majirani. Ana 13 na ni wa wastani kwenye soka: usimtoe GAA kwa ajili ya ndoto ambayo ni yako. Ana 14 na akademia imemwita wao wenyewe, hamkuomba: mpeleke, lakini usirudishe jezi ya parokia. Iambie klabu anaondoka kwa sasa. Wataelewa, wameshaona wengi. Na kama amezaliwa mtu wa kukabana na hapendi kukaa akingoja pasi, usimsumbue na soka hata kidogo.

Sisi barua ya akademia ilifika Februari. Mazoezi jioni nne kwa wiki, hakuna mchezo mwingine. Kijana, ambaye sasa ana 14, aliisoma mara mbili, akasema atakwenda, ila kwanza amalize Féile, mashindano ya GAA ya chini ya miaka 15, na wenzake. Bibi yake, kwenye simu kutoka Mombasa, aliuliza huo mpira wa mikono unalipa shilingi ngapi. "Hailipi, Bibi." Kimya. "Basi chakula wanakupa?" Akamwambia mahamri ya Mama.

Nilimpigia kocha wa akademia nikitarajia mlango kufungwa. Akacheka, akaniambia yeye mwenyewe anachezea timu ya pili ya kijijini kwao, namba nne, na goti bovu. Amekubali kumngoja hadi Julai.